Mrejesho: Geji ya mafuta ya MGB iliyoganda kwenye E

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kuhusu MGB yangu ya 1967, gari dogo la michezo la Kiingereza: geji ya mafuta inabaki kwenye E (tupu) hata nikijaza tenki hapa Dodoma.

Nilianza na ushauri wa kuchomoa waya wa senda (kifaa cha kupima kiwango cha mafuta) kwenye tenki na kuugusisha kwenye bodi, swichi ikiwa imewashwa. Mshale ukapanda taratibu hadi F (kujaa). Kumbe geji na waya ni vizima. Kukwangua kutu na kufunga waya mpya wa ethi (wa kurudisha umeme kwenye bodi) hakukusaidia. Basi tukanyonya mafuta, tukafungua senda. Nilipotikisa boya lake la shaba, linalopaswa kuelea juu ya mafuta, nikasikia petroli inacheza ndani! Tukalizamisha kwenye maji ya moto, nje, mbali na jiko, vipovu vikatoka kwenye tundu dogo kama ncha ya sindano. Petroli yote ilipoisha na boya kukauka kabisa, fundi akaliziba kwa kulehemu.

Sasa inasoma, ila ikishuka chini ya robo mshale unarukaruka, maana waya mwembamba wa ndani ya senda umelika. Nikienda Morogoro najaza kwanza. Asanteni sana, hasa mkuu uliyenizuia kununua geji mpya.