Muvi gani ilikukamata kwenye majina ya mwanzo tu, kabla steringi hajatokea? Tupeane uzoefu

FundiVideo Ngarenaro

Wakuu, habari za jioni. Mimi nahariri video hapa Arusha: harusi, send-off, kipaimara, na msiba ukinitafuta naenda. Juzi kaja bwana harusi mtarajiwa, anataka majina yao mwanzoni mwa video yaingie kama yale ya Prison Break. Ile michoro ya ramani ya gereza, tatuu, rangi iliyopauka, muziki wa mtu anayetafutwa. Nikamwambia, kaka, wewe unaoa, hutoroki. Akacheka sana, lakini msimamo wake ni uleule, na advansi kashatoa.

Tangu hapo nimekuwa nikitazama mianzo ya muvi kuliko muvi zenyewe. Majina yanapita, hakuna aliyefungua mdomo, na tayari umeshajua ujiandae kuogopa, kucheka au kulia. Mtu kakaa mezani akaamua hivyo: maandishi ya aina gani, yakae muda gani, muziki uingie wapi.

Kwa wanaopenda historia kidogo. Zamani majina yalikuwa orodha ya kutimiza wajibu, na kwenye kumbi nyingi Marekani yalionyeshwa pazia likiwa bado limefungwa. Mwaka 1955 mbunifu wa michoro Saul Bass akatengeneza majina ya The Man with the Golden Arm, filamu ya mgawa karata anayetamani kuwa mpiga ngoma, aliyenaswa na heroini. Mistari myeupe inaingia kwenye giza, inasukumana kufuata jazi ya Elmer Bernstein, mwishowe inakuwa mkono mmoja uliopinda vibaya. Makopo ya mikanda yakatumwa na maagizo kwa mwonyeshaji: fungua pazia kabla ya majina.

Haya, leteni yenu. Si lazima iwe muvi kali. Nataka ile iliyokushika mwanzoni tu, na ulikuwa unaitazamia wapi.

Mzee wa Kaloleni

Kijana, umenirudisha sinema ya Metropole. Sisi picha la Kihindi tulianza kulisoma kwenye cheti. Kile cha bodi yao ya ukaguzi kinachotokea kwanza, kina mihuri na kimeandikwa idadi ya rili, yaani mikanda ya picha. Wajuaji wa viti vya nyuma waliitaja kwa sauti, na ukumbi mzima ukajua kama tutatoka mapema au tutapishana na walinzi njiani. Kisha nembo ya kampuni. Ikitokea ile ya R.K., kampuni ya Raj Kapoor, mwanamume kamshika mwanamke mkono mmoja na fidla mkono wa pili, akina mama walianza kutafuta leso mapema.

Lakini iliyonishika mimi ni Sholay ya 1975. Treni inasimama stesheni ya porini, anashuka ofisa, anapokewa, wanapanda farasi. Halafu hakuna maneno. Farasi wawili wanapita kwenye majabali na vumbi, wanakatiza vijiji, majina yanapita juu yao, na gitaa la R. D. Burman linawasindikiza. Ni mwendo mrefu, na hakuna aliyelalamika. Ukifika mwisho wa majina umeshaijua ile nchi: kavu, wazi, mbali na kituo cha polisi. Ukitokea ujambazi hapo, wanakijiji watajitegemea wenyewe. Jambazi Gabbar Singh hajaonekana bado na wewe unamsubiri.

Majengo Boy

Shikamoo mzee. Mimi ni wa kibanda umiza, Majengo, Moshi. Mabenchi ya mbao, televisheni ya mgongo imefungiwa kwenye kizimba cha nondo, na mlangoni yuko jamaa mwenye fimbo kwa ajili ya waliopenya bila kiingilio.

Yangu ni Commando ya 1985. Kwanza wanauawa watu wawili watatu, huelewi kwa nini. Halafu majina. Unaona buti. Unaona mkono, ule mkono, wakuu, umevimba mishipa. Kamera inapanda taratibu, kumbe jamaa kabeba gogo zima begani anashuka nalo mlimani, na hata hahemi. Kibanda chote: "Eeeh!" Sasa subiri. Anakuja binti yake, wanakula aiskrimu, mtoto anampaka puani, wanalisha paa, wanacheka. Na muziki wa James Horner una zile ngoma za chuma za Karibi, umechangamka ajabu.

Nilikuwa mdogo na Kiingereza sikijui hata kidogo, lakini hesabu niliipiga palepale. Huyu mtu anabeba mti. Huyu mtu ana mtoto mmoja anayempenda. Atakayemgusa huyo mtoto kajichimbia kaburi. Muvi yote iliyobaki ilikuwa kuhesabu makaburi tu.

chalii wa Sakina

Aisee mnaremba sana. Mimi intro napeleka mbele. Netflix wenyewe waliweka kitufe cha kuiruka tangu 2017, wanajua watu wana haraka. Nani anasoma jina la mshika taa?

Binti Njiro

Chalii, unaruka na vitu vya msingi. Game of Thrones umeimaliza? Ile ramani ya mwanzo haikai vilevile. Miji inayochipuka pale inabadilika kufuatana na hadithi itakakokwenda siku hiyo. Aliyeruka intro alikuwa anauliza katikati, "hapa ni wapi tena?" Na sisi tuliokaa naye kochi moja ndio tuliojibu.

Sasa yangu. Se7en, ya 1995. Kaka yangu aliileta kwenye flashi, umeme umerudi usiku, wazazi wamelala. Unaona vidole vimefungwa plasta. Wembe. Mtu anashona kurasa za daftari, anaandika kwa herufi ndogondogo zilizobanana, anafuta sura za watu kwenye picha. Majina yenyewe yanatetemeka kana kwamba mkanda umekwaruzwa na msumari, na kweli mtengenezaji wake, Kyle Cooper, herufi nyingine alizikwangua kwa mkono kwenye filamu. Muziki ni wa Nine Inch Nails uliochezewa upya.

Kilichonitisha nilikielewa baadaye. Yule ni muuaji. Sehemu kubwa ya muvi polisi wanamtafuta bila kumjua, na sisi tulishaiona mikono yake ikifanya kazi kabla kesi haijaanza. Mnajua tena walichofanya? Jina la mwigizaji wa nafasi hiyo, Kevin Spacey, hawakuliweka kwenye majina ya mwanzo. Lingekuwepo, watu wangekaa wanamsubiri. Kwa hiyo chalii, jina linaweza kuwa na maana hata kwa kutokuwepo.

chalii wa Sakina

Hiyo ya jina kufichwa nimeikubali. Ramani sijaikubali.

Mama Kibosho

Mimi sina mengi. The Lion King, ile ya katuni ya 1994. Binti yangu alikuwa haogopi kitu, lakini jua lile jekundu likichomoza na ile sauti ikapasua, alikuwa anakuja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi. Yule anayeita ni Lebo M wa Afrika Kusini, kwa Kizulu. Pale hakuna majina kabisa. Wanyama wanakusanyika, mtoto anainuliwa juu, halafu pu! ngoma moja, kiza, jina la filamu. Nilikuwa namwambia, ukisikia hiyo pu ndiyo unaruhusiwa kukaa chini, kabla ya hapo maliza vyombo.

Soweto Moshi

Nimecheka na mwiko.

Picha za Kichina nazo msizisahau. The 36th Chamber of Shaolin, 1978, kutoka Shaw Brothers. Kabla ya hadithi, Gordon Liu yuko peke yake kwenye ukumbi mtupu wa studio anaonyesha mitindo, majina yanapita. Hakuna adui, hakuna kisa. Ni mwili na nidhamu. Na hiyo ndiyo muvi yenyewe, maana sehemu kubwa ni mtu anafundishwa. Tulikuwa tukitoka pale, njia yote ya kurudi nyumbani ni mateke, na mashati yalichanika sana enzi hizo.

Ila nina swali kwa wana vibanda. Zile zilizotafsiriwa, majina ya mwanzo mliyaonaje? Maana kwetu mtafsiri alianza kuongea tangu nembo ya kampuni. Anasalimia mitaa, anataja namba ya simu ya duka la kanda, kisha anakwambia steringi ni nani na nani atamsaliti. Utamu wote umekwisha.

Majengo Boy

Hapo tupishane mkuu. Kwetu sauti ya mtafsiri ndiyo ilikuwa majina ya mwanzo. Ukisikia Lufufu ameingia, unajua leo unasimuliwa na mtu, huachwi peke yako na Wazungu wanaonong'ona. Akianza kwa sauti ya chini, hilo ni la kutisha. Akianza na utani, tulia ucheke. Saul Bass alitumia mistari myeupe, wa kwetu alitumia koo. Kazi ni ileile.

Soweto Moshi

Kukuandaa, sawa. Kuniambia nani atamsaliti nani, hapana.

FundiVideo Ngarenaro

Naona nyote mna haki, ila namwegemea Soweto. Mwanzo mzuri unakupa hali na unakunyima habari. Wa Se7en umetupa mikono, ukatunyima uso. Wa Psycho, 1960, Saul Bass huyohuyo: mistari ya kijivu inaingia kwa kasi kutoka pembeni, inayakata majina vipande, inayaunganisha, inayakata tena, huku nyuzi za Bernard Herrmann zinakimbia. Hujui ni kisu, hujui ni bafu. Unajua tu kuna kitu kitakatwa.

Na hapa nitasema jambo ambalo wengine litawauma. Muvi zetu za nyumbani nyingi zinapoteza nafasi hii. Jina linazunguka, linawaka moto, linapasuka vioo, halafu ni hadithi ya mama mkwe. Kisha geti linafunguliwa, gari linaingia polepole, geti linafungwa, kinanda kilekile. Moto na vioo vya nini kama ugomvi ni wa sebuleni? Waigizaji wetu wanaweza, nimeshawaona wakinitoa machozi. Anayewaangusha ni aliyenunua kiolezo cha bei rahisi na kukitumia kwa kila kazi, iwe ya mapenzi, ya uchawi au ya kuchekesha.

Binti Njiro

Kiolezo kinatumika hata kwenye harusi, fundi. Moshi na Arusha nzima mna yale mawaridi yanayodondoka.

FundiVideo Ngarenaro

Dada, wateja wanayaomba!

Mzee wa Kaloleni

Niongeze moja kabla sijalala. Hatari! ya 1962, aliyoiongoza Howard Hawks, ilipigwa hukuhuku kwetu, Momella na kwingineko, na John Wayne ndani. Yenyewe haikusubiri kukutambulisha mtu. Unafunguliwa na magari yanayokimbiza kifaru porini, kifaru anamjeruhi mmoja wa wakamataji, na hapo ndipo unaanza kuwajua watu: nani anatulia, nani anapiga kelele, nani kiongozi. Kuna mwanzo wa majina, na kuna mwanzo wa tukio. Zote mbili zinafanya kazi mkijua mnachotaka. Hardy Krüger, mmoja wa waigizaji wake, alipapenda Momella hata akanunua shamba hukohuko.

Mama Kibosho

Sasa fundi, wewe mwenyewe ukiachiwa bila mawaridi wala gereza, unafanyaje? Nina kijana wa kipaimara mwezi ujao.

FundiVideo Ngarenaro

Shikamoo mama. Nitakwambia ninachokiiba na ninakoiba. Kuna filamu ya 1962, To Kill a Mockingbird, majina yake yalitengenezwa na Stephen Frankfurt. Ni boksi la sigara la mtoto. Linafunguliwa, kamera imesogea karibu kabisa: kalamu za rangi, saa ya mfukoni, gololi, vinyago viwili vilivyochongwa. Mtoto anaimba mwenyewe kwa mdomo uliofungwa, anachora, anachana karatasi. Haonekani uso. Ukimaliza unajua hii dunia utaiona kwa urefu wa macho ya mtoto, na vingi kati ya vile vitu vina kazi mbele ya safari.

Kwa hiyo mimi kabla ya harusi naenda kwa mama mzazi, namwomba anitolee vitu vya kwenye sanduku. Kwa familia moja ya Machame nilipata kibuyu cha mbege kilichopasuka mdomo, cheti cha ubatizo, kitambaa cha mezani alichodarizi bibi, na kiatu kimoja cha mtoto. Nikavipiga karibu karibu kwa mwanga wa dirisha, sauti ya wanawake wanaopika nje ikabaki kama ilivyo, majina madogo pembeni. Muziki haukuingia mpaka bibi harusi alipofungua mlango. Shangazi zake walikuwa wanalia kabla hajaonekana, maana kile kiatu wanakijua.

Kwa kipaimara tafuta daftari lake la mafundisho, viatu vya shule, na kama kuna rozari ya babu yake, hiyo kabisa. Mwambie asivipige brashi.

chalii wa Sakina

Hiyo sasa nisingeruka.

Majengo Boy

Mi kwenye harusi yangu anza na ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma. Kamera ipande taratibu kutoka kwato, kama lile gogo la Commando, majina yetu yaje akifika kwenye majani mdomoni.

Mama Kibosho

Fundi, rozari ya babu ipo. Bei yako?

FundiVideo Ngarenaro

Njoo PM mama, tutaelewana. Majengo, na wewe njoo, hiyo ya ndafu nakufanyia kwa punguzo.