Kutumia bagi kumaliza gemu: ni ujuzi au ni kuchiti?

Nyota120
Wakuu habari zenu. Kuna ubishi umezuka kuhusu kutumia bagi, yaani makosa yaliyobaki ndani ya programu ya gemu, kwenye kundi letu la wapenzi wa gemu za zamani na mpaka sasa haujapata mwamuzi, naomba mtusaidie. Mimi Super Mario 64 naicheza kikawaida, nakusanya nyota zote 120, kila levo naikwangua mpaka chini. Kuna mwenzetu yeye anafika kwa Bowser wa mwisho, yule adui mkuu, na nyota 16 tu. Wanaoijua hii gemu wanaikumbuka ile ngazi isiyoisha, kama hujafikisha nyota 70 unapanda weee, muziki nao unapanda na wewe, ukigeuka unajikuta bado uko chini kulekule. Sasa huyu jamaa anamgeuza Mario mgongo uelekee ngazi, anashikilia kitufe cha Z, stiki anairudisha nyuma, A anaipiga harakaharaka, Mario anaanza kupiga kelele ya-ya-ya-ya-ya kama kaseti iliyokwama, mara paap kafyatuka kinyumenyume kapita ngazi nzima yuko mlangoni.

Mimi namwambia hiyo gemu hujaimaliza umeiruka. Yeye ananijibu "sijaleta kitu chochote kutoka nje, gemu yenyewe ndo imeniruhusu". Nani yuko sahihi? Na msiniletee majibu ya kila mtu acheze anavyopenda, hilo nalijua.

mzee_wa_kombo
Mkuu tuanzie mbali kidogo. Unapenda gemu za kupigana? Basi zile kombo (mapigo ya mfululizo) unazojivunia zilianza kwa bahati tu. Street Fighter II ya 1991, watu wa Capcom wako kwenye majaribio ya ile raundi ya bonasi ya kuvunja gari, Noritaka Funamizu akagundua ukiwahi kitufe kwa wakati wake pigo la pili linaingia kabla mtu hajajinasua kwenye la kwanza. Wakaona ni gumu sana mtu wa kawaida hawezi kulipata, wakaliacha lilale humohumo kama siri. Leo nitajie gemu ya kupigana isiyo na kombo.

Rudi nyuma zaidi, Space Invaders ya 1978. Wale viumbe wako 55 na prosesa ya wakati ule ilikuwa inahangaika kuwachora wote, kwahiyo kadri unavyowaua kazi inapungua na waliobaki wanazidi kukimbia. Tomohiro Nishikado aliyeitengeneza hakupanga iwe hivyo, aliona tu inanoga akaiacha. Yule wa mwisho anayekupandisha presha ukimkosa risasi ya kwanza na ya pili, ni prosesa imepumua hiyo hahaha. Sasa tukisema bagi zote ni wizi, gemu ngapi zitabaki?

JichoLaPikseli
Mzee wa kombo umeongea vizuri ila hizo ni bagi ambazo wenye gemu walizibariki kabla hata gemu haijaingia sokoni, kesi ya Nyota120 ni tofauti kabisa. Ile ya ngazi, sisi tunaokimbiza gemu, yaani tunaoshindana kuimaliza haraka, tunaiita BLJ (backwards long jump, mruko mrefu wa kinyumenyume), Nintendo hawakuibariki, tena waliiziba wenyewe kwenye toleo la Shindou lililotoka Japani 1997.

Ila ngoja nieleze inavyofanya kazi mana watu wanadhani ni kubonyeza ovyo. Mario akiruka ule mruko mrefu gemu inaichukua kasi yake inaizidisha mara 1.5, halafu kuna kikomo, ukizidisha inakukata. Tatizo kikomo kiliandikwa kwa anayekwenda mbele tu, wa kurudi nyuma alisahaulika. Kwenye ngazi kila unaporuka unakuwa umeshagusa chini palepale, unaruka tena, inazidishwa tena, na tena, mpaka unakuwa na kasi ambayo gemu haikutegemea mtu kuwa nayo, na lile eneo linalokurudisha chini unalivuka kabla gemu haijakukagua. Na vidole vyako lazima viende mwendo uleule, ukizubaa Mario anatua anakutazama tu. Mpe mtu ambaye hajawahi kufanya aifanye papo kwa papo halafu uniambie si ujuzi.

Sasa swali lako la nani yuko sahihi. Sisi tulishalimaliza muda mrefu kwa kugawa kategoria. Kuna nyota 120, 70, 16, 1 na 0, kila moja na rekodi zake na sheria zake. Kwenye nyota 70 BLJ hairuhusiwi, ukiitumia hiyo ranni yako (mbio zako) inatupwa. Kwenye 16 ni ruksa na bila hiyo hutoboi. Kwahiyo mwenzako akisema "nimemaliza kwa nyota 16" anasema ukweli mtupu na kila anayejua anajua alipitia wapi. Akisema nimekushinda wewe wa 120, hapo ndo anadanganya mana hamkuwa mbio moja.

Mlinda_B
Naona wote mnatetea tu, mimi nitakuwa upande wa mleta mada. Hayo ya kukubaliana yanawezekana ukiwa unashindana na saa. Weka binadamu mwingine upande wa pili uone. Nani hapa anakumbuka mashindano ya DreamHack Winter ya 2014, robo fainali ya Counter-Strike, ile gemu ya kupigana risasi timu kwa timu, Fnatic na LDLC, ramani ya mwisho Overpass? Fnatic wameachwa mbali kabisa, mtu anajua mechi imeisha, mara wanapandiana watatu, mmoja juu ya mwenzake, mchezaji wao Olofmeister yuko juu anaona karibu ramani nzima huku watu chini hawajui risasi inatoka wapi. Wakarudi wakashinda.

LDLC wakakata rufaa. Wasimamizi walipoichunguza wakakuta kwenye ile sehemu kuna kona ambayo aliyeko juu anamuona adui lakini adui hamuoni yeye, na sheria ilikuwa inakataza hicho kitu. LDLC nao wakashtakiwa kwamba wana yao waliyofanya kwenye ramani hiyohiyo. Mwisho ikaamuliwa ramani irudiwe yote, Fnatic wakajitoa, LDLC wakaenda mpaka wakabeba kombe.

Ukimwambia Fnatic "gemu iliwaruhusu" ni kweli iliwaruhusu, hakuna programu ya nje hata moja pale. Lakini yule uliyempiga risasi hakusaini kucheza gemu ambayo wewe unamuona na yeye hakuoni. Hapo ndo mimi nachora mstari.

kicheko_tu
Mmesahau bagi kali kuliko zote bana, Gandhi wa Civilization, ile gemu ya kujenga dola. Ukali wake ulikuwa 1, akipata demokrasia unapunguzwa 2, namba ikashuka chini ya sifuri ikazunguka ikawa 255, mzee wa amani akaanza kumwaga nyuklia 😂😂😂

JichoLaPikseli
@kicheko_tu hiyo ni hadithi ya mtandaoni mkuu. Sid Meier mwenyewe alikanusha kwenye kitabu chake cha 2020, hiyo bagi haikuwahi kuwepo kwenye ile gemu ya 1991. Civilization V ndo wakampa Gandhi mapenzi ya nyuklia makusudi, kwa utani.

Kama unataka namba iliyozunguka kweli nenda Pac-Man. Levo inahifadhiwa kwenye baiti moja, mwisho 255. Ukifika ya 256 ile sehemu ya kuchora matunda inachanganyikiwa, nusu ya kulia ya skrini inajaa herufi na takataka, vidoti vya kutosha kumaliza levo havipo tena, na safari yako inaishia pale. Ndo mana alama za juu kabisa zinazowezekana ni 3,333,360. Gemu iliyotengenezwa isiwe na mwisho, bagi ikaiwekea mwisho.

kicheko_tu
umeniharibia siku 😂

Nyota120
Asanteni, nimesoma yote mpaka ya Gandhi. Mlinda_B hapo kwa binadamu wa upande wa pili ndipo moyo wangu ulipo, lakini nakubali mwenzangu hachezi na mtu anacheza na Bowser, na Bowser hawezi kukata rufaa. Hilo la nyota 70 sikulijua, kumbe kuna watu wanakimbia haraka na hiyo BLJ hawaigusi, nitaanza kuwafuatilia hao. Ila bado naona kuna kitu anakosa. Zile levo za maji, ule mlima wa theluji, yule pengwini mdogo unayembeba kumrudisha kwa mama yake, mtu wa nyota 16 vingi anavipita hivi hivi.

mzee_wa_kombo
Anavipita sasa hivi, lakini muulize alianza vipi. Sijawahi kukutana na mtu anayekimbiza gemu ambaye hakuicheza kwanza kawaida mpaka ikamwisha mikononi. Hao ndo wanaoijua gemu mpaka mifupa, ndo mana wanajua imevunjika wapi. Angalia gemu ya kupigana ya Smash Melee ya 2001, watu waligundua ukikwepa hewani kwa kulenga chini pembeni unateleza ardhini huku mikono yako iko huru kupiga, wakaita wavedash, na mpaka leo anayetaka kushindana serious lazima aijue. Lilipokuja toleo lililofuata, Brawl, 2008, wavedash ikaondolewa, wengi wakabaki Melee hawakuhama. Yaani ukiwanyang'anya bagi umewanyang'anya gemu.

Mlinda_B
Na hapo kwenye Melee sina neno, wote wawili wanaweza kuifanya na kila mmoja anamuona mwenzake.

pad_ya_kushoto
Samahani naingilia, mimi nimejaribu hiyo BLJ kwenye Super Mario 3D All-Stars ya Switch, vidole vinauma, haikubali hata kidogo. Kuna siri gani au ni mimi tu?

JichoLaPikseli
Sio wewe. Hiyo All-Stars ya 2020 imetumia lile toleo la Shindou nililosema juu, lililozibwa, kwahiyo hata ukae mwaka haitakubali. Inafanya kazi kwenye toleo la mwanzo la Nintendo 64, la 1996. Ukilipata usianzie ile ngazi isiyoisha, fanyia mazoezi ngazi za ndani ya kasri, kule hata ukikosea unarudia palepale. Na Z usiiachie.