Mng'aro unafia jokoni, weusi unatoka mabaka: nakosea wapi?

Kinamo:
Wakuu, naomba msaada. Nafinyanga mitungi ya kimo cha sm 25 hivi kwa kamba za udongo, bila gurudumu. Udongo ni mwekundu, una chuma kingi, na nimeuchanganya na vigae vilivyosagwa asilimia 15. Nasugua kwa kokoto hadi mtungi unang'aa kama umepakwa mafuta. Ukikauka, mng'aro umepungua. Nikichoma kwa nyuzi 1,060 umekwisha kabisa. Halafu nairudisha motoni ndani ya ndoo ya bati iliyojaa maranda ili iwe myeusi, inatoka na baka jekundu upande mmoja na kijivu kitakoni. Nataka weusi wa namna moja wenye mng'aro ule wa kokoto. Ubaya ni wa udongo au wa hatua zangu?

Kokoto Laini:
Udongo wako ni mzuri, usiubadilishe.

Chembe za udongo ni bapa. Kokoto huzilaza zote upande mmoja, ndiyo maana uso unarudisha mwanga. Sasa, wewe unasugua mtungi ukiwa bado na maji. Yakitoka, udongo unasinyaa lakini vigae ulivyochanganya havisinyai, vinabaki vimejitokeza usoni. Elekeza mtungi mkavu kwenye mwanga wa ubavuni utaviona kama vipele vya joto.

Chekecha vigae upate vya chini ya nusu milimita, tena kamba za nje zimalizie kwa udongo usio na vigae kabisa, unene wa milimita 2 au 3, ukiupaka wakati mwili ungali mbichi ili visinyae pamoja. Kusugua kwenyewe kufanyike mara tatu: mara ya kwanza pale kidole hakiachi shimo lakini ukucha bado unachora, ya pili siku inayofuata, ya mwisho rangi inapoanza kupauka. Hiyo ya mwisho ndiyo inayobaki. Fanya eneo la kiganja kimoja kwa wakati, lipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha sugua kwa duara ndogondogo. Kokoto ikianza kulia, simama: pamekauka mno, unaacha mikwaruzo.

Joto ndilo linaloua kilichobaki. Ukipita nyuzi 1,000, udongo mwekundu unaanza kushikana na kuyeyuka kidogo ndani, chembe zilizolala zinapoteza umbo lake na mwanga unatawanyika. Ishia 900 hadi 950.

Ila panda taratibu. Uso uliosuguliwa umezibwa, mvuke unatoka kwa shida. Bakiza joto chini ya nyuzi 100 kwa saa tatu au nne, zaidi kama ukuta unazidi sentimita moja, la sivyo utaokota magamba jokoni.

Rojo:
Nakubaliana na Kokoto Laini kuhusu joto. Kuhusu kokoto peke yake, hapana. Kwa weusi wenye kina, mtungi uvae rojo laini la udongo kabla ya kung'arishwa. Mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hujenga vyombo vyake kwa mkono, akavipaka rojo la namna hii na kuving'arisha. Moto wa kwanza wenye hewa tele huvitoa vyekundu. Wa pili, ulionyimwa hewa, huvigeuza vyeusi.

Kulitengeneza si kazi kubwa. Chukua maji lita 2, yeyushia humo gramu 5 za silikati ya sodiamu (kemikali inayofanya chembe laini za udongo zielee), kisha mwagia udongo uleule mkavu uliopondwa kilo 1. Koroga sana, weka kwenye chupa kubwa inayoonyesha ndani, iache saa 20 bila kuigusa. Hata kugonga meza kunaharibu. Utaona tabaka: maji juu (mara nyingine hayaonekani), rojo jembamba katikati, tope zito chini. Vuta la katikati kwa mpira mwembamba. Tope lile limwage, ndimo mchanga ulimo. Pima: lita moja ya rojo iwe na uzito wa gramu 1,100 hadi 1,150. Likiwa zito kuliko hapo litabambuka.

Paka kwa brashi laini juu ya mtungi mkavu kabisa, mara tatu, nyembamba. Umajimaji ukitoweka tu usoni, kunja mfuko mwembamba wa plastiki kidoleni, sugua. Mng'aro unatokea papo hapo. Usishike kwa vidole vitupu kabla ya hapo. Jasho linaacha alama na rojo halishiki.

Mlinzi wa Joko:
Hakuna aliyegusa yale mabaka.

Baka jekundu ni hewa. Chuma kilicho kwenye udongo ni chekundu kikipata oksijeni na cheusi kikinyimwa, na masizi yaliyoingia kwenye vinyweleo (vitundu vidogo vya udongo) yanaungua hewa ikipenya mtungi ukiwa bado moto. Ndoo ya bati inapinda kwa joto na kifuniko kinaachia upande mmoja. Linganisha, utakuta upande huohuo ndio wenye baka. Kijivu cha kitakoni ni kwa sababu mtungi ulikalia bati, moshi haukupita chini yake. Na kwa nyuzi 1,060 ulishaziba sehemu ya vinyweleo, masizi hayana pa kuingia.

Tumia chungu kikubwa cha udongo chenye kifuniko. Tandika maranda makavu sm 3, kalisha mtungi juu yake, jaza pande zote na ndani ya mtungi wenyewe, funika, kisha ziba ukingo kwa udongo uliochanganywa na mchanga nusu kwa nusu. Udongo mtupu utapasuka na kuachia. Peleka hadi nyuzi 700, zima, na usifungue hadi chungu chote kishikike kwa mkono. Hapa wengi wanaharibu: wanachungulia kwenye nyuzi 400, masizi yanaungua mbele ya macho yao.

Fanya nje, kwa kuni au gesi. Moshi huo una sumu isiyo na harufu, na jokoni mwa umeme unakula nyaya.

Njia ya moto wa wazi, bila joko, pia ipo. Mfinyanzi Maria Martinez wa San Ildefonso, New Mexico, Marekani, alipata weusi wake kwa kufukia moto kwa samadi kavu ya farasi iliyosagwa. Ni kanuni ileile: kata hewa, tena kwa ghafla na pande zote.

Kinamo:
Asanteni sana. Nikimaliza, mtungi unaweza kukaa na maji ya maua?

Kokoto Laini:
Hapana. Kwa 950 udongo bado unanyonya. Maji yatavuja usiku mmoja na mng'aro utapata madoa meupe ya chumvi. Weka glasi ndani yake, ndiyo ishike maji.