Kufumua na kufunga upya Ford V8 hedi bapa (8BA): bloku ina ufa kwenye kiti cha valvu

Tapeti16 ameuliza:

Habari wadau. Naomba msaada wa wanaozijua injini za hedi bapa. Hii ni Ford V8 aina ya 8BA, toleo la 1949 hadi 1953, inchi za ujazo 239 (lita 3.9). Ilikaa muda mrefu bila kuwashwa, maji yakiwa bado ndani.

Hedi zote mbili zimeshatoka, ila boliti mbili zimekatikia ndani ya bloku. Krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) inakwenda robo mzunguko halafu inagoma. Silinda namba 3 na 6 zina kutu. Kuna ufa mwembamba unaotoka kwenye kiti cha valvu ya egzosi ya namba 7 kuelekea ukuta wa silinda, na nyufa fupi kati ya matundu ya boliti na matundu ya maji.

Je, bloku hii bado inafaa? Nifumue kwa mpangilio gani nisivunje kitu? Na mbona tapeti (vipande vinavyosukuma valvu juu) hazina skrubu ya kurekebisha nafasi ya valvu?

---

BlokuKwanza amejibu:

Mkuu, usinunue hata ringi moja kabla bloku haijapimwa. Kwenye injini hii vipuri vingine vyote vinapatikana au vinatengenezeka. Bloku likiwa bovu, pistoni na beringi mpya zitakaa kabatini.

Ufa wako uko mahali pake pa kawaida. Valvu za hedi bapa zimo ndani ya bloku, pembeni mwa pistoni, upande wa bondeni katikati ya V. Moshi wa egzosi hautoki kwa njia fupi. Unapita ndani ya bloku, katikati ya silinda, umezungukwa na maji, hadi upande wa nje. Kila upande una silinda nne lakini milango mitatu ya egzosi, kwa kuwa silinda mbili za katikati zinatumia mlango mmoja. Namba 7 yako ni ya katikati, inashirikiana na namba 6. Hapo ndipo joto linapokaa, na chuma chembamba kati ya kiti na silinda hupasuka. Injini hizi huchemsha maji upesi kwa sababu hiyohiyo, hata radieta ikiwa nzima.

Nyufa fupi kati ya tundu la boliti na tundu la maji ni za kawaida, na nyingi hazina madhara gasketi ikikaa vizuri na uzi wa boliti ukipakwa dawa ya kuziba. Ufa wa namba 7 ni suala jingine. Kama haujaingia ndani ya silinda, hushonwa kwa pini za uzi zinazopandana, kisha kinapachikwa kiti kipya. Kama umeshuka ukutani, silinda hiyo inahitaji slivu (bomba jembamba la ukuta mpya linalopachikwa ndani) pamoja na kiti kipya. Usikubali kuchomelea bloku kwa welding ya kawaida bila kulipasha moto lote kwanza. Chuma cha kumimina kikipata joto sehemu moja hupasuka pembeni ya mshono.

Sasa vipimo. Ondoa kila kitu, pamoja na plagi zote za maji na za oili. Ndani ya njia za maji utakuta kutu, na mara nyingi mchanga wa kiwandani wa kumiminia chuma pamoja na vipande vya nyaya vilivyoshikilia mchanga huo. Vingi vimebaki humo tangu bloku lilipotengenezwa. Maji ya presha peke yake hayavitoi: ingiza waya mgumu kila tundu, kwaruza, geuza bloku, gonga, puliza hewa, rudia. Bloku likiwa safi lipimwe kwa unga wa sumaku, uso wote wa juu, viti vyote 16 na ndani ya silinda. Kisha njia za maji zizibwe na kujazwa presha, psi 40 hivi, bloku likiwa na joto, maana kuna nyufa ambazo hujifunga chuma kikipoa. Angalia pia kuta za nje na ukingo wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), hasa kama injini ilikaa penye barafu, kwa sababu maji yakiganda hupasua bloku kwa nje.

---

SpanaNdefu amejibu:

Naongezea upande wa kufumua.

Kwanza, usilazimishe krenki kwa bomba refu. Kinachogoma kinaweza kuwa pistoni, lakini kinaweza pia kuwa valvu iliyogandia kwenye kiti huku kamshafti (mhimili wenye nundu zinazoinua valvu) ikitaka kuiinua. Ukilazimisha hapo unavunja tapeti au meno ya gia. Valvu iliyogandia ikiwa wazi haina hatari hiyo, kwa sababu kwenye hedi bapa pistoni haifiki kwenye valvu. Mimina mchanganyiko wa oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, kwenye silinda na juu ya shina za valvu, uache siku kadhaa. Asetoni inawaka kirahisi, kwa hiyo moto ukae mbali.

Toa manifodi ya juu, geuza injini, toa sampu na pampu ya oili. Weka alama konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) na vifuniko vyake kabla hujalegeza nati yoyote: namba ya silinda, na upande unaotazama mbele. Kifuniko cha konrodi moja hakihamishiwi nyingine. Fungua konrodi moja moja na kujaribu krenki kila mara. Ikilegea, umempata mwenye kosa.

Kabla ya kusukuma pistoni juu, pitisha mdomo wa silinda kwa kifaa cha kukata ukingo. Ringi hazifiki juu kabisa, kwa hiyo huacha ngazi, na pistoni ikigonga ngazi hiyo huvunja kingo za mifereji ya ringi. Iliyogoma igonge kwa mti mgumu kutoka chini, kamwe si kwa chuma.

Valvu ndizo zinazochosha. Kila moja hutoka na bushi yake, springi na kisahani chake kama kitu kimoja, kupitia juu ya bloku. Kinachoizuia ni klipu yenye umbo la kiatu cha farasi ndani ya bonde. Unahitaji mtaimbo maalumu wa kuivuta bushi chini kidogo, ndipo klipu inachomoka. Bushi za egzosi hugandishwa na kaboni. Zilowanishe, zipashe, zigonge kutoka juu zishuke milimita moja hivi, klipu itoke. Ikikataa kabisa, kata kichwa cha valvu na upige bushi kwa bomba linaloikaa sawasawa. Valvu inanunuliwa, bloku likipasuka kwa pigo la hasira halinunuliki kirahisi. Panga tapeti kwa namba, kwa sababu kila moja imeshalika na nundu yake ya kamshafti.

Boliti zilizokatika: usianze na kichomoa boliti. Kikivunjikia ndani una chuma kigumu kuliko drili. Chomelea nati juu ya kipande kilichobaki, acha ipoe, ikaze kidogo na kuilegeza kwa zamu. Joto la welding ndilo linalofungua kutu.

Krenki nayo ina mtego. Sehemu zinazobeba konrodi ni tupu ndani na zimezibwa kwa plagi, na tope zito la oili hukusanyika humo. Toa plagi, safisha hadi ndani kung'ae, funga mpya. Ukiacha, tope hilo litahamia kwenye beringi mpya mara tu oili ya kisasa itakapoanza kuliyeyusha.

---

Milimita amejibu:

Kipenyo cha kawaida cha silinda ya 8BA ni inchi 3.1875 (mm 80.96). Wengi huchonga moja kwa moja hadi 3.3125, yaani nyongeza ya inchi 0.125, ili kupata nguvu. Mimi sikubaliani na hilo kwa bloku lenye kutu. Kutu imekula kuta kwa upande wa maji, usikoweza kuona. Zipimwe unene kwa mawimbi ya sauti kwanza, na upande unaosukumwa na pistoni usibaki chini ya mm 2.5. Kama inchi 0.030 au 0.060 inatosha kuondoa mashimo ya kutu, ishia hapo. Ukuta mwembamba hupinda kwa joto, ringi hazikai, na injini inayochemka inachemka zaidi.

Krenki: sehemu za beringi kuu ni inchi 2.499, za konrodi 2.139. Pima kila moja sehemu mbili, kwa pande mbili. Ikiwa mviringo umepotea kwa zaidi ya inchi 0.001, isagwe. Nafasi ya oili nzuri ni inchi 0.0015 hadi 0.0025 (mm 0.04–0.06) kwa zote. Thibitisha kwa uzi wa plastiki unaobanwa kati ya beringi na krenki, hata kama karakana imekuhakikishia.

Pengo la ringi: inchi 0.004 kwa kila inchi ya kipenyo, kwa hiyo hapa karibu inchi 0.013 (mm 0.33). Ringi iingizwe silindani na kusawazishwa kwa pistoni kabla ya kupima. Pengo dogo ni baya kuliko kubwa, kwa kuwa ringi ikipanuka na ncha zikakutana huchana ukuta.

---

Tapeti16:

Asanteni sana wakuu. Bloku linakwenda kupimwa kwanza. Lakini nafasi ya valvu bado sijaelewa: bila skrubu inarekebishwaje?

---

SpanaNdefu:

Kwa kusaga ncha ya shina la valvu. Nafasi ya baridi ni inchi 0.010–0.012 (mm 0.25–0.30) kwa valvu ya kuingiza na 0.014–0.016 (mm 0.36–0.41) kwa ya egzosi. Ukiweka kamshafti isiyo ya kiwandani, fuata karatasi yake.

Maliza viti na nyuso za valvu kwanza, nyuzi 45, ndipo usage ncha. Ukisaga kiti, valvu inashuka, shina linasogelea tapeti na nafasi inapungua. Kwa hiyo baada ya kazi ya viti karibu zote zitakuwa zimebana. Weka valvu bila springi, nundu ya kamshafti ikitazama chini, pima kwa fila (vibapa vya kupimia nafasi), saga kidogo, osha, rudia. Ncha ibaki bapa na yenye pembe mraba. Ikisagwa kimshazari itasukuma shina pembeni na kula bushi. Ukizidisha, kilichobaki ni kuishusha valvu kwenye kiti chake, na hiyo ni kupoteza uhai wa kiti.

Tapeti zenye skrubu zipo na zinaingia bila shida. Tatizo ni kuzishika zisizunguke. Hutobolewa tundu dogo kwenye ukuta wa mahali tapeti inapokaa, ukapitisha pini ya kuizuia wakati spana inazungusha skrubu. Kazi hiyo ifanywe bloku likiwa tupu, kabla ya kuoshwa mara ya mwisho.

---

BlokuKwanza:

Mambo ya kufunga ambayo hurudisha injini mezani:

Plagi za njia za oili. Zile za nyuma hufunikwa na flaiwili. Ikisahauliwa moja, presha ni sifuri na kila kitu kinashuka tena. Zihesabu unapotoa, zihesabu unaporudisha.

Sili ya kamba ya nyuma ya krenki: iloweke kwenye oili, ibane kwa bomba laini la mviringo, kisha ikate ibaki juu ya ukingo kiasi kidogo sana ili nusu mbili zibanane. Ukiikata sawa na ukingo, itavuja.

Nguvu ya kukaza boliti: beringi kuu futi-ratili 95–105 (Nm 129–142), konrodi 45–50 (Nm 61–68), hedi za chuma 65–70 (Nm 88–95). Zungusha krenki kwa mkono baada ya kila kifuniko. Ikikaza ghafla, tatizo liko kwenye hicho ulichokaza mwisho.

Kama hedi au bloku limepunguzwa uso, weka udongo laini juu ya pistoni na valvu, funga hedi na gasketi yake, zungusha mara mbili, fungua, kata udongo upime. Chini ya mm 1.2 hivi usiwashe. Gasketi iwe ya 1949–1953. Ya miaka ya nyuma ina matundu ya maji tofauti, kwa sababu hedi zile zinatoa maji katikati na si mbele. Boliti nyingi za hedi zinaingia kwenye maji, kwa hiyo kila uzi upakwe dawa isiyokauka. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, hatua tatu.

Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-4-8-6-3-7-2. Namba 1 hadi 4 ziko kulia kwa dereva aliyekaa, 5 hadi 8 kushoto, zote zikihesabiwa kutoka mbele.

Jaza njia za oili kwa presha kabla ya kuwasha. Kamshafti na tapeti zikiwa mpya, injini ikae kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, kwa oili yenye zinki, si kwenye silensa (mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta). Pampu za maji ni mbili na thamostati mbili: shika mabomba yote mawili ya juu kuona kama yanapata joto sawa. Upande mmoja ukibaki baridi, kuna hewa au thamostati haijafunguka, zima. Hedi za chuma zikazwe tena injini ikiwa bado ya moto. Kama utaweka za alumini, zenyewe zina kipimo chao kidogo zaidi na hukazwa zikiwa zimepoa.