Tupeane uzoefu: wasiwasi wa kusubiri majibu ya udahili wa uzamili na uzamivu

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, nilituma maombi ya uzamivu mwezi Desemba, na sasa ni katikati ya Machi bila jibu. Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, huwa nimekwishafungua barua pepe mara mbili. Jana nilimwona mwombaji mwenzangu wa idara ileile akishukuru kwa kupata nafasi, na tangu hapo chakula hakipiti kooni. Mliopita njia hii, mlijituliza vipi?

Mchangiaji wa 2
Pole sana, dada. Hapo kwenye kunawa uso umenigusa, kwani nami niliishi hivyo kwa miezi mitatu.

Mchangiaji wa 3
Zima simu, dada yangu, uwe unafungua barua pepe mara moja tu kwa siku. Kamati ikishaamua, uamuzi haubadiliki kwa kuwa umechelewa kuuona.

Mchangiaji wa 4
Naomba nimpinge ndugu aliyetangulia, kwa sababu ushauri huo nusura uninyime shahada. Niliomba vyuo sita. Vinne vilinikataa ndani ya siku tisa, cha tano kilinyamaza, na cha sita, kilichoko Marekani, kiliniweka kwenye orodha ya akiba, yaani ya wanaosubiri aliyepewa nafasi aiache. Vyuo vikuu vingi vya huko vimekubaliana kwamba aliyepewa nafasi yenye ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili, kwa hiyo wenye nafasi mbili au tatu huzishikilia hadi siku za mwisho, na sisi wa akiba tunabaki roho juu. Tarehe 13 nilikuwa sijalala kwa usiku wa tatu mfululizo. Nikazima simu, nikajifungia chumbani, nikalia hadi usingizi ukanichukua. Nilipoiwasha mchana wa tarehe 15, nilikuta simu tatu nilizopigiwa na barua ya jana yake ikisema nafasi imepatikana, nijibu kabla tarehe 15 haijaisha. Mikono ilitetemeka hata nikashindwa kuandika jina langu mwenyewe.

Mchangiaji wa 5
Ndugu, usituache njiani! Uliwahi?

Mchangiaji wa 4
Niliwahi. Kwao ilikuwa bado asubuhi, na tofauti hiyo ya saa ilinipa nafasi ya kupumua.

Mchangiaji wa 3
Sikusema mtu azime kwa siku mbili. Ungefungua mara moja kwa siku, ungeiona tarehe 14.

Mchangiaji wa 4
Ni kweli, lakini mtu aliyezidiwa hana kipimo. Ukimwambia azime, atazima moja kwa moja.

Mchangiaji wa 6
Tusibishane huku mwenzetu anaumia. Dada, iandikie idara barua fupi ya heshima uulize ombi lako limefikia wapi. Mimi niliandika, nikagundua kwamba barua ya mapendekezo ya mwalimu wangu mmoja haikuwa imefika.

Mchangiaji wa 7
Mimi niliandika, na barua ya kukataliwa ikaja kesho yake. Najua sikuisababisha, ila hadi leo moyo haujakubali. Usiandike.

Mwanzisha mada
Nawashukuru wote, angalau leo nimekula. Ndugu wa orodha ya akiba, barua yako ilifikia anwani ipi?

Mchangiaji wa 4
Ilifikia anwani ya zamani niliyojaza kwenye fomu, tena ilikuwa kwenye folda ya barua taka. Kaangalie yako sasa hivi, dada, kisha ulale.