Matokeo ya kipimo cha haiba kazini ni ya nani?

Mleta mada: Wakuu, kuna taasisi zinazowajazisha wafanyakazi dodoso la haiba kwenye semina, kisha majibu yanabaki utumishi. Msimamo wangu: dodoso limsaidie mtu kujifahamu na kuelewana na wenzake, na karatasi aondoke nayo mwenyewe. Lisitumike kuajiri, kupandisha cheo wala kugawa majukumu.

Ofisa utumishi: Hapo mwisho napinga. Watafiti Barrick na Mount walikusanya tafiti nyingi mwaka 1991 wakakuta kuwa umakinifu, yaani bidii na mpangilio, unaendana na utendaji katika kada zote walizozichunguza. Taarifa ya kweli kuhusu kazi tuitupe kwa nini?

Mpimaji: Vipimo havilingani, mkuu. MBTI, ile ya herufi nne, iliundwa Marekani na Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers kutokana na mawazo ya Carl Jung. Ina vipengele vinne, kila kimoja kinagawanywa pande mbili, hivyo makundi 16. Kinachoiharibu ni huo mstari wa kugawia. Alama za watu wengi huangukia karibu na katikati, kwa hiyo ukibadili majibu mawili matatu unahamia kundi jingine ilhali wewe ni yuleyule. Hata wenye MBTI wanakataza isitumike kuajiri.

Barrick na Mount walitumia mizani tano za haiba, Big Five, umakinifu ukiwa mojawapo, zisizomweka mtu kwenye kundi. Ila uhusiano waliopata ni kama 0.2, na ukamilifu ni 1. Hiyo inakueleza kidogo kuhusu mamia ya watu. Kuhusu mmoja aliyekaa mbele yako haitoshi kabisa. Isitoshe, mwaka 2019 Laajaj na wenzake walichambua mahojiano ya ana kwa ana kutoka nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, wakakuta maswali hayo mara nyingi hayapimi kilichokusudiwa. Sababu mojawapo ni watu kuitikia ndiyo kwa kila sentensi wanayosomewa.

Mwezeshaji wa timu: Ndiyo maana dodoso lichanganye sentensi zinazopingana. Mini-IPIP, dodoso fupi la Big Five, ina sentensi 20, nne kwa kila mizani, na ni bure. Kwa majibu ya 1 hadi 5, sentensi iliyogeuzwa, yaani inayopima upande wa pili, unaihesabu 6 kutoa jibu. Aliyeweka 5 kwenye "mimi ndiye roho ya sherehe" na 5 tena kwenye "sisemi sana", alama yake msiitegemee.

Kila mtu ajaze peke yake na ajumlishe mwenyewe, pasiwe na wa kukusanya. Kisha mwenzake mmoja amjazie sentensi zilezile, walinganishe. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Mwanasaikolojia Forer aliwapa wanafunzi 39 maelezo ya haiba yanayofanana neno kwa neno, wao wakaamini ni ya kila mmoja, wakayapa wastani wa zaidi ya 4 kati ya 5. Kwa hiyo kusema "huyu ni mimi kabisa" hakuthibitishi kitu.

Mwisho timu ikubaliane mambo mawili ya kazi, kwa mfano ajenda itumwe siku moja kabla, na kila mtu aandike maoni yake kabla bosi hajasema. Bosi akiomba kuona alama, semina imekufa: wataanza kujibu wanachodhani anataka.

Mwanasheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, na ile ya Kenya ya 2019, zinataka taarifa itumike kwa lengo lililokusanyiwa. Za semina haziwezi kuibukia kwenye kikao cha kupandisha vyeo. Na ridhaa ya mfanyakazi mbele ya mwajiri ni dhaifu, kukataa kuna gharama.

Ofisa utumishi: Kwa semina nimekubali. Kwa ajira bado. Usaili wetu wa maongezi una upendeleo mwingi zaidi ya dodoso lolote.

Mpimaji: Upendeleo huo upo, nakubali. Lakini mwombaji kazi anajua jibu linalotakiwa kwenye "nakamilisha kazi kwa wakati". Mpe kazi halisi ya saa moja, waombaji wote waulizwe maswali yaleyale, na wasaili wawili watoe alama bila kuonana.

Ofisa utumishi: Na nafasi yenye waombaji 400?

Mpimaji: Chuja kwa sifa zilizotangazwa kwanza, kazi ya majaribio wape 20 wa mwisho.