Mwenye jengo akifuta mchoro alioruhusu mwenyewe, anadaiwa?

Wakuu, salaam. Naleta hoja iliyonikaa kichwani tangu nisome kesi ya 5Pointz, kiwanda cha zamani kule Queens, New York, kilichokuwa kimejaa grafiti, michoro ya rangi ya kupuliza, kuanzia chini hadi juu. Abiria wa treni namba 7 walikiona wakipita, watalii walikifuata kwa picha. Mwenye jengo, Jerry Wolkoff, aliruhusu uchoraji huo miaka mingi. Alipotaka kujenga maghorofa ya kupangisha, wachoraji walikimbilia mahakamani kumzuia, wakakosa zuio. Novemba 2013 akaleta watu usiku, kukicha kuta ni nyeupe. Jengo lenyewe lilibomolewa mwaka uliofuata.

Mwaka 2018 hakimu Frederic Block akaamuru wachoraji 21 walipwe dola milioni 6.75: michoro 45, kila mmoja dola 150,000. Alitumia sheria ya Marekani ya 1990 inayolinda kazi ya msanii hata kama iko kwenye mali ya mtu mwingine. Rufaa ya 2020 ikaacha hukumu ilivyo.

Mimi niko na hakimu. Kosa halikuwa kubomoa. Block mwenyewe alisema Wolkoff angesubiri vibali, akabomoa miezi kumi baadaye, asingeonekana amekusudia. Alichofanya ni kukomoa. Angewaacha watu hata wapige picha za kazi zao! Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu mleta mada, mimi nina gari la abiria, matatu, Nairobi. Ni nganya, yaani matatu ya kupambwa, na imechorwa mara tatu. Sura ikichuja, vijana wanapanda gari lingine, kwa hiyo nakwangua, nachora upya. Na anayekuja kuchora upya ni yuleyule aliyechora mwanzo! Hajawahi kuniuliza kwa nini nimefuta. Sasa ukiniambia ukuta nilionunua kwa jasho langu una mwenyewe mwingine, kesho nikiona kijana na kopo la rangi nitamfukuza, awe na kipaji au asiwe nacho. Sheria hiyo itawaumiza haohao unaowatetea.

Mleta mada:
Hoja ya kufukuzwa naikubali, ina uzito. Ila wewe mchoraji wako unamlipa, na anajua tangu siku ya kwanza kwamba gari ni la kubadilisha sura. Wale wa Queens walichora bila kulipwa na jengo likapata jina. Mwenye jengo alikula faida ya hilo jina, halafu akawafutia usiku. Si sawasawa na nganya.

Mchangiaji wa pili:
Mnabishana juu ya kufuta, mimi naogopa zaidi kung'oa. Mwaka 2012 Banksy, yule mchoraji wa mitaani wa Uingereza, alichora mtoto anashona bendera kwa cherehani, kwenye ukuta wa duka Wood Green, London. Februari 2013 kipande cha ukuta kikakatwa, kikaibukia mnadani Miami. Wakazi wakapiga kelele hadi kikaondolewa mnadani, lakini Juni kikauzwa London kwa zaidi ya pauni 750,000. Mtaa ulibaki na kiraka cha plasta. Hapo mchoraji hakuomba ruhusa, sawa, ila mwenye ukuta naye alichora nini?

Ndiyo maana namwelewa Blu, yule mchoraji wa kuta Mwitaliano. Mwaka 2016 mjini Bologna, Italia, waliandaa maonyesho ya ndani, na baadhi ya kazi zake zilikuwa zimebanduliwa kwenye kuta bila ridhaa yake. Akachukua rangi ya kijivu, yeye na wenzake, wakafuta michoro yake yote mjini, kazi ya miaka kama ishirini. Afadhali isiwepo kuliko kukatiwa tiketi.

Mchangiaji wa kwanza:
Huyo Blu kafanya kama mimi na gari langu, basi. Kafuta chake.

Mleta mada:
Chake, ndiyo, lakini juu ya kuta za watu! Umeona unavyokubali kwamba mchoro una mwenyewe? Kuna njia nyepesi: sheria ileile ya Marekani inaruhusu mchoraji kusaini kabla ya kuchora kwamba mwenye jengo anaweza kuiondoa kazi. Wolkoff hakuwa na karatasi hiyo. Karatasi moja tu, na milioni sita zingebaki mfukoni.

Mchangiaji wa kwanza:
Haya, nitampelekea mchoraji wangu karatasi asaini. Atanicheka, kisha ataongeza bei.